Kutwa Mara Tatu

Siku niliporipoti chuo, baba mkubwa alikataa tupande daladala. Tulishuka mjini, akalitwaa tranka langu la bati, akaliweka begani, tukashika njia ya kwenda mtaa wa Kikuyu kwa miguu. Ulikuwa mwezi wa kumi, ule ambao Dodoma huoni jani bichi isipokuwa la mwarobaini, na upepo unasukuma vumbi mpaka kwenye meno. Nilidhani anabana nauli. Tulipofika getini ndipo nikaelewa. Alishusha tranka, akavua kofia, akatulia kidogo, kisha akasema, "Hapa ndipo nilipoingia mimi, nikiwa na tranka kama hili."

Yeye aliingia pale akiwa mwanafunzi wa Mazengo. Mimi nilikuwa naingia kusoma famasia Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, St. John's kama tunavyokiita wenyewe. Mahali ni pale pale.

Habari za eneo lile nilizipata kwake kabla ya kuzisoma popote. Dayosisi ya Anglikana ya Tanganyika ya Kati ilianzishwa mwaka 1927, na askofu wake wa kwanza alikuwa Mwaustralia, George Chambers. Wamisionari wa enzi zile wakishapata kanisa walitafuta shule, na wakishapata shule walitafuta dawa. Hospitali ya Mvumi, ambako mama alinizalia, imetokana na kazi yao. Shule ya Kikuyu ilifahamika kwa jina la Alliance. Baadaye ikawa ya serikali na kuitwa Mazengo, jina la mtemi wa Wagogo aliyekuwa na makao yake Mvumi. Baba mkubwa alilala bweni moja na Mhaya, Mngoni na Mdigo, na mpaka leo anajua kumsalimia mtu kwa Kihaya, ingawa Bukoba hajawahi kufika. Alikuwa akisema Tanzania aliisomea kwenye kile chumba cha vitanda vya chuma kabla hajaiona kwenye ramani.

Kisha sekondari ikafungwa, eneo likarudi mikononi mwa Kanisa Anglikana, na mwaka 2007 milango ikafunguliwa upya kama chuo kikuu. Makamu mkuu wa chuo wa miaka ile ya mwanzo alikuwa Profesa Gabriel Mwaluko, msomi wa mambo ya afya. Baba mkubwa hakuifurahia habari ya shule yake kufungwa. Alinung'unika mwaka mzima. Alipoambiwa kwamba mimi, mtoto wa mdogo wake, nimechaguliwa kwenda pale pale, alinyamaza siku mbili, siku ya tatu akaja nyumbani kuuliza tranka langu limekaguliwa kufuli.

Wadogo zangu wanaoomba vyuo siku hizi kwa simu, wakiwa wamekaa chini ya mti, huenda hawajui kwamba chuo kikuu binafsi ni jambo la juzi nchini kwetu. Elimu ya chuo kikuu hapa ilianza Oktoba 1961 kwa wanafunzi 13 wa sheria, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Mwaka 1970 tukapata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea, mwaka 1984 tukapata Sokoine kule Morogoro. Vyote vya serikali. Ni mabadiliko ya sheria ya elimu ya mwaka 1995 yaliyofungua mlango kwa wengine. Walutheri wakaanzisha Tumaini, Wakatoliki wakaanzisha Mtakatifu Augustino kule Mwanza. Na yuko daktari mmoja ambaye habari zake huwa nawasimulia wanafunzi kila nipatapo nafasi: Profesa Hubert Kairuki, bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi. Alianzisha hospitali Mikocheni, Dar es Salaam, mwaka 1987, na ilipofika 1997 akaanzisha chuo kikuu cha tiba kando yake. Alifariki mwaka 1999, kabla hajaona matunda mengi, na leo chuo kinabeba jina lake. Mtu akiniambia vyuo binafsi vilianzishwa kwa ajili ya biashara tu, namtajia huyo.

Mwaka 2005 ukaleta mambo mawili yaliyobadilisha maisha ya watu kama mimi. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ikaanza kazi, na Bodi ya Mikopo nayo ikaanza, ikikopesha hata waliochaguliwa vyuo binafsi. Bila hilo la pili, St. John's ingekuwa ya watoto wa wenye magari. Miaka miwili baadaye Dodoma, mji uliotajwa kuwa makao makuu tangu 1973 huku watu wakiupita tu ndani ya mabasi ya kwenda kanda ya ziwa, ukapata vyuo vikuu viwili ndani ya mwaka mmoja: chetu pale Kikuyu, na Chuo Kikuu cha Dodoma cha serikali kule Chimwaga, kilimani, kilichopangwa kuja kuchukua wanafunzi 40,000. Chuo cha kilimani kilikuwa kikubwa mno mpaka sisi wa Kikuyu tukaonekana kama kanisa dogo mbele ya uwanja wa mpira.

Mkopo wangu haukutosha ada yote. Iliyobaki ililipwa na zabibu.

Mama ana shamba Mpunguzi, njia ya Iringa, ekari moja na nusu ya mizabibu aliyoirithi kwa bibi. Zabibu zilifika kwetu kupitia wamisionari wa Bihawana miaka ya 1950, na mmea ule umeikubali ardhi ya Dodoma kuliko ulivyotarajiwa. Huku huvunwa mara mbili kwa mwaka, mwezi wa pili hadi wa tatu, na tena wa nane hadi wa tisa. Angalia jinsi ilivyokaa: muhula wa kwanza wa chuo unafunguliwa baada ya mavuno ya mwezi wa nane, wa pili unafunguliwa mavuno ya mwezi wa tatu yakiwa bado mikononi. Mama alisema Mungu ndiye aliyepanga kalenda ya chuo. Lakini zabibu haina subira. Mahindi ukikosa bei utayaweka ghalani, zabibu ukikosa mnunuzi leo, keshokutwa nyuki wanakusaidia kuzila. Msimu mmoja wanunuzi walipungua, mama akakaa barabarani siku nne na ndoo zake, akiuza kwa abiria wa mabasi kwa bei aliyoitaka abiria. Jioni ya siku ya nne alinipigia simu akaniambia, "Mwanangu, ya mtihani imepatikana, ya kula utajua mwenyewe." Nikajua mwenyewe. Bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, likichelewa, tulikuwa tunachanga vyumba vitatu, tunapika ugali mmoja na mlenda, na hakuna aliyewahi kulala njaa kabisa. Nataka hilo liandikwe, kwa sababu katika mambo niliyoyapata chuoni ni mojawapo, na halimo kwenye cheti.

Sasa niwaambie famasia yenyewe ilivyo, maana watu wengi hudhani tunasomea kuuza dawa. Ni miaka minne darasani na maabara, kisha mwaka mmoja wa utarajali hospitalini, ndipo Baraza la Famasi linakusajili. Kwa muda mrefu aliyetaka digrii hiyo ndani ya nchi alikuwa na mlango mmoja, Muhimbili, ambako famasia ilianza kufundishwa mwaka 1974. Nchi nzima, kuanzia Kagera mpaka Mtwara, ikisubiri wafamasia kutoka mlango mmoja. Kwa hiyo mtu akiniuliza chuo chetu kimefanya nini, naanza hapo: kilifungua mlango mwingine, tena katikati ya nchi, mahali ambapo mtoto wa mkulima wa zabibu anaweza kufika kwa nauli ya Hiace.

Kuna zoezi moja la maabara ambalo mikono yangu bado inalikumbuka. Tulipewa unga wa salfa na mafuta mazito, kinu kidogo cha kauri na mchi wake, tutengeneze marhamu ya upele. Mtu anaona ni kazi ya kuchanganya tu. Unga ukiumwaga wote kwa pamoja ndani ya mafuta, unashikana mabonge, na bonge moja kwenye ngozi ya mtoto ni kama mchanga. Inabidi uanze na mafuta kidogo sana, kama ya kupaka kidole kimoja, usage unga ndani yake kwa kuzungusha mchi upande mmoja, taratibu, mpaka ile sauti ya kukwaruza inyamaze. Sauti ndiyo inayokuambia. Ikinyamaza, unaongeza mafuta kidogo tena. Mwalimu wetu alikuwa hapimi kwa macho. Alichukua ya kila mmoja akapaka nyuma ya mkono wake mwenyewe, akasugua kwa kidole gumba. Yangu aliirudisha mara tatu. Mara ya tatu alisema, "Bado nasikia punje. Mgonjwa naye ataisikia." Nikasaga mpaka saa kumi na mbili jioni, wenzangu wakiwa vimbweta, yale mabenchi ya kusomea nje, wanapitia madesa, nakala za masomo.

Zoezi jingine lilikuwa la dirisha la dawa. Mwanafunzi mmoja anajifanya mgonjwa, mwingine anamhudumia, mwalimu anatoa alama. Nililipenda, kwa sababu nililiweza. Nilikuwa nasalimia vizuri, nasoma cheti vizuri, naeleza kwa Kiswahili kilichonyooka: "Utameza kidonge kimoja kutwa mara tatu, baada ya kula, kwa siku saba, usiache hata ukijisikia nafuu." Kisha namwomba mgonjwa arudie, kama tulivyofundishwa, ili uhakikishe amesikia. Nilipata alama za juu kuliko darasa zima. Niliandika nyumbani kumweleza mama.

Tulipomaliza nilivaa joho na baba mkubwa akavaa suti ya harusi yake. Alitembea eneo lote akiwaonyesha watu wasiomjua bweni alilolala. Siku ile nilimwona amekisamehe chuo.

Kazi haikuja haraka. Kwenye usaili mmoja, ofisi sitaitaja, mjumbe mmoja alifungua faili langu, akainua macho, akauliza, "Hiki chuo kiko wapi?" Nikamjibu kiko Dodoma. Akasema hakujua Dodoma kuna chuo zaidi ya kile cha Chimwaga. Akafunga faili kabla ya kuniuliza swali lolote la dawa. Miaka ile ilikuwa hivyo. Dhana iliyokuwepo mitaani ni kwamba chuo binafsi ni cha waliokosa nafasi kwingine, na sisi wa mwanzo ndio tuliokibeba kifuani hadi mlangoni kwa mwajiri. Heshima ya chuo kipya haina historia ya kuegemea. Inasubiri kuona aliyetangulia amefanya kazi gani, ndipo anayefuata apokelewe bila maswali. Nimefanya kazi miaka kadhaa nikijua kwamba nikikosea, faili la mtu mwingine nisiyemjua litafungwa.

Na nilikosea. Kosa lilikuwa langu, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Nilikuwa nimeajiriwa hospitali moja ya wilaya, huku huku kanda ya kati. Ilikuwa mwezi wa kwanza, msimu wa njaa. Mtu asiyekulia kwetu anaweza kushangaa: mwezi wa kwanza mashamba ni ya kijani, mvua inanyesha, njaa inatoka wapi? Ndiyo miezi yenyewe. Ghala la mwaka jana limekwisha, uwele na mtama wa mwaka huu bado ni majani. Watu wanalima tumbo likiwa tupu.

Alikuja bibi mmoja, mwembamba, kanga mbili, fimbo ya mkongojo. Daktari alikuwa amemsikiliza kifua akaandika homa ya mapafu, isiyo kali kiasi cha kulazwa. Amoksilini, miligramu 500, mara tatu kwa siku, siku saba. Nilihesabu vidonge 21, nikavitia kwenye kifuko, nikaandika 1x3.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbukwenyi," akaongeza salamu ya Kigogo.

Nikamweleza yale yale niliyopatia alama. Kimoja, kutwa mara tatu, baada ya kula, siku saba. Nikamwomba arudie. Akayarudia yote bila kukosea, neno kwa neno, akaongeza, "Hata nikijisikia nafuu nisiache." Nilifurahi. Akafunga dawa kwenye pindo la kanga, akaenda.

Siku ya nane alirudi. Alikuwa ameshikiliwa mkono na kijana, anahema kwa midomo, na kikohozi kile cha kavu kilikuwa kimeshuka chini kabisa. Daktari akamwuliza kama alimaliza dozi. Akasema siku saba zimeisha. Akaletwa dirishani kwangu, akafungua lile pindo la kanga, akaweka vidonge mezani. Vilikuwa 12.

Nilihesabu mara mbili. Nikamwuliza, na ninajua sauti yangu haikuwa nzuri, "Bibi, mbona hukumeza? Si tulielewana?"

Akaniangalia bila woga wala aibu. "Nilimeza, mjukuu wangu. Uliniambia baada ya kula. Kila nilipokula nilimeza. Siku mbili nilikula mara mbili, kulikuwa na msiba kwa jirani."

Siku tano mara moja, siku mbili mara mbili. Tisa. Kumi na mbili mezani. Hesabu yake ilikuwa kamili kuliko yangu.

Amoksilini haihitaji chakula. Inamezwa na chakula, inamezwa bila chakula. Nilijua hilo, lilikuwa kwenye mtihani na nililijibu. Maneno "baada ya kula" yalinitoka kwa mazoea, kwa sababu yanasikika ya upole, kwa sababu kila dirisha la dawa nchini wanasema hivyo. Kwangu yalikuwa salamu tu. Kwake yalikuwa amri ya dawa, akaitii kwa uaminifu ambao sikuustahili. Bibi yule alilazwa siku nne, akachomwa sindano, akapona. Nashukuru alipona. Na hata angemeza sawasawa huenda angerudi, kifua cha mzee hakina dhamana. Lakini siwezi kujificha nyuma ya huenda. Mbali na yeye kuumia, dozi isiyokamilika ndiyo inayowafundisha vimelea kuizoea dawa. Tunapiga kelele kuhusu usugu wa dawa, tunawalaumu wanaonunua antibayotiki bila cheti, na mimi mwenye digrii nilikuwa nimeuchochea kwa maneno matatu.

Jioni ile sikwenda nyumbani mapema. Nilikaa stoo kati ya maboksi ya Bohari ya Dawa nikafikiria lile zoezi la dirisha. Mwalimu hakukosea kunipa alama. Alinifundisha nihakikishe mgonjwa amesikia, na bibi alisikia. Ila mimi ni mtoto wa huku. Nilikulia kwenye nyumba ambayo mwezi wa kwanza tulikuwa tunakula jioni tu, na mchana mama alitupa ubuyu tumung'unye. Nilikuwa na jibu ndani ya mwili wangu kabla hata sijaingia chuo, nikaliacha getini pamoja na vumbi, kwa sababu nilidhani kusoma ni kuacha vitu vya namna hiyo nje. Mgonjwa wetu wa mazoezi, yule mwanafunzi mwenzangu aliyejifanya mzee, alikuwa ametoka kula wali maharage kantini. Swali la mara ngapi anakula lisingeweza kutujia.

Kaulimbiu ya St. John's ni kujifunza ili kutumikia. Nilikuwa nimeiona kila siku miaka minne, kwenye karatasi za chuo, kwenye programu ya mahafali. Niliielewa kama watu wanavyoelewa mistari ya namna hiyo. Usiku ule kwenye stoo niliisoma nikiitafakari, mara ya kwanza.

Kesho yake nilibadilisha mambo mawili madogo. Kwenye kifuko nikaacha kuandika 1x3, nikaanza kuandika saa: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Na kwa asiye na saa, tunakubaliana kwa alama zake mwenyewe: jogoo, watoto wakitoka shule, wakati wa kufunga mlango. Hazitimii saa nane nane kamili lakini zinamfikisha mara tatu. La pili ni swali. Kabla sijamweleza mtu dawa, namwuliza kwake wanakula saa ngapi. Hapo ndipo najua niseme nini. Kuna dawa ambazo kweli zinataka chakula, hasa hizi za maumivu zinazochubua tumbo, na kwa hizo narudi kwa daktari tuzungumze, tuone kama kuna nyingine. Mara nyingi ipo. Mwanzoni foleni ilirefuka na wenzangu walinilalamikia. Sasa wanauliza wenyewe.

Mwaka 2016 serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma kweli kweli, na mwaka 2018 mji ukawa jiji, nilianza kusikia watu wakizungumza kuhusu vyuo vyetu kwa sauti nyingine. Yule mjumbe wa usaili, kama bado yuko kazini, bila shaka ofisi yake sasa iko huku, na njia ya Kikuyu anaijua. Chuo kimekua, kiliwahi kuwa na kituo chake cha Mtakatifu Marko pale Buguruni, Dar es Salaam, kinafundisha walimu, wauguzi, wahasibu, wachungaji. Watu wanapotaja mafanikio hutaja hayo, na idadi ya majoho. Sina ugomvi nayo. Wenzangu wengi wa darasani wako Dar es Salaam, kwenye famasi zenye kiyoyozi na kampuni za dawa, na siwalaumu, wengine wanalipa mikopo ya familia nzima. Lakini mimi nikipiga hesabu ya chuo chetu naanzia kwenye orodha nyingine. Nipo huku. Niliyesoma naye yuko Manyoni. Mwingine yuko Kondoa. Dada aliyenitangulia yuko Mpwapwa, na juzi tulisaidiana dawa za kifafa kati ya hospitali zetu, zilipoisha kwangu na kuzidi kwake, kwa simu moja na basi la jioni. Zamani dirisha la dawa la wilaya huku lingeweza kukaa miaka bila mfamasia mwenye digrii. Hilo ndilo nililiona kwa macho yangu likibadilika, na lilibadilishwa na chuo kilichoanzia kwenye mabweni ya sekondari ya zamani.

Ada ni kubwa bado. Hilo nalisema kwa uchungu, kwa sababu najua mama aliketi barabarani siku ngapi, na si kila mtoto wa Mpunguzi ana mama wa namna ile. Ningekuwa na sauti kwenye vikao, ningeomba liwepo fungu la watoto wa wilaya kavu za kanda hii, wasomeshwe wakiahidi kurudi kwao miaka michache. Wangerudi wanajua tayari kile kilichonichukua mimi vidonge 12 kukijua.

Siku hizi wanafunzi wa famasia huja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo. Wa mwaka huu ni kijana wa Tanga, mpole, mwandiko mzuri. Wiki iliyopita nilimwacha dirishani peke yake, nikakaa nyuma yake na rejista kana kwamba nahesabu. Akaja mzee mmoja wa makamo ya baba mkubwa, kofia mkononi, ana jino lililovimba. Kijana akamwamkia, akasoma cheti, akahesabu vidonge, akashika kalamu. Nikaona ameandika 1 na alama ya x. Akasimama. Akaweka kalamu chini.

"Babu, samahani. Nyumbani mnakula mara ngapi kwa siku?"

Mzee akafikiri. "Inategemea mwezi," akasema. "Huu wa sasa, mara moja. Jioni."

Kijana akakichana kile kifuko, akachukua kingine, akaanza kuandika upya.